Skrubu za Bi Pini

Jina la Bi Pini alipewa na wateja wake, enzi zile za kushona nguo za watu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona na mdomo mtupu. Pini zilijipanga kati ya midomo yake kama meno ya ziada, naye aliongea, akacheka, akagombana na wauza vitambaa, na hakuna iliyodondoka. Watu walitania kwamba siku atakayozitema zote ndipo mumewe atakapojua maneno aliyofichwa tangu harusi. Mumewe alijibu kwamba yeye hana haraka ya kuyajua.

Huyo mumewe alikuwa fundi saa, na hakuitwa kwa jina jingine. Alikuwa Fundi kwa wateja, Fundi kwa mkewe, Fundi hata kwa mama mkwe wake, marehemu, ambaye hakuwa mwepesi wa kumpa mtu sifa. Watu walipoanza kutazama wakati kwenye simu, kazi ilipungua mpaka ikabaki kubadilisha betri na mikanda. Akafunga kibanda, akaihamishia meza yake chumba cha nyuma, chini ya dirisha. Hakulalamika. Alisema maisha yake yote ametengeneza vitu vya watu, tena vitu vinavyozunguka palepale. Sasa anataka kutengeneza chake, kiende mbele.

Akaanza kuunda treni.

Haikuwa treni ya kuuza wala ya kumpa mtoto achezee. Kilikuwa kichwa cha treni cha shaba, urefu wa kiganja, chenye tangi la mvuke, bomba la moshi, kibanda cha dereva na ngazi ya kupandia ambayo hata sisimizi angeipanda kwa adabu. Magurudumu aliyatoa kwenye saa mbovu za mezani. Mabati ya shaba aliyakata yote mwanzoni kwa mkasi, akayakunja juu ya kipande cha bomba, akayapanga ndani ya boksi la viatu yakisubiri zamu yao. Jirani akimuuliza lini itakwisha, alisema haraka ni ya wenye tiketi, yeye treni ni yake.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni ya kukata skrubu. Duka la vyuma la pale mtaani liliuza skrubu ndogo za shaba, lakini hata iliyokuwa ndogo kabisa ilikuwa na mguu mrefu mno kwa treni ile. Ukiifunga kwenye kibanda cha dereva inatokeza ndani kama msumari kwenye soli ya kiatu. Ukiifunga kwenye chasisi, yaani kile kitako kinachobeba magurudumu, inagusa gurudumu na treni haiendi. Kwa hiyo kila moja ilibidi ikatwe kwa kipimo chake.

Fundi alikuwa na utaratibu wake. Kwanza anapitisha nati kwenye skrubu mpaka karibu na kichwa. Anaibana skrubu kwenye jiliwa dogo lililofungwa ukingoni mwa meza, anaikata kwa msumeno mwembamba, taratibu, kama mtu anayekata kucha za mtoto aliyelala. Anapitisha tupa kwenye ncha mpaka iwe bapa. Mwisho ndipo anaifungua ile nati, nayo ikitoka inayachana meno ya skrubu yaliyovurugwa na msumeno, kama kitana kwenye nywele. Ukisahau kuanza na nati, umeumia. Ncha inabaki na manyoya ya chuma, skrubu haiingii popote, wala nati haipandi tena.

Bi Pini aliyajua yote hayo kwa kukaa naye tu. Alasiri alileta kiti chake na nguo za kushona kwa mkono, wakala mwanga wa dirisha moja, huyu na pini zake, yule na skrubu zake, wakitegana vitendawili. Walianza mchezo huo wakiwa wachumba, walipokuwa wakiogopa kuachwa kimya wawili, wakauzoea.

"Kitendawili," Fundi alikuwa akisema, kioo cha fundi saa kimebanwa jichoni.

"Tega."

"Mgeni wangu ana kofia kubwa na mguu mmoja. Haingii nyumbani kwangu mpaka acheze ngoma."

Bi Pini alilijua jibu tangu kwenye kofia, lakini alijifanya kushindwa, akampa mji, na Fundi aliutawala mji huo kwa maringo, akitoza watu kodi na kuwateua mawaziri, kabla ya kukubali kusema kwamba mgeni mwenyewe ni skrubu. Kitendawili hicho alikitega mara nyingi mno. Kila mara alipewa mji mpya.

Ugonjwa uliingia ndani ya nyumba ile kwa kunyata. Mwanzo Fundi aliuliza swali lilelile kabla chai haijapoa. Akatafuta miwani iliyokuwa usoni kwake, wakacheka mpaka wakashika mbavu, maana hilo hata wazima hufanya. Kisha alasiri moja alikitega kile cha mgeni mwenye kofia. Bi Pini akajifanya kushindwa kama ada, akampa mji mkubwa wenye bandari. Fundi akaupokea, akafungua mdomo atoe jibu, akabaki hivyo. Skrubu yenyewe alikuwa ameishika mkononi. Alitazama dirishani, akamtazama mkewe, akatabasamu kama mtu aliyesimama mbele ya mlango wake mwenyewe bila ufunguo.

"Sema wewe," akasema mwishowe.

"Mimi nimeshatoa mji, Fundi."

Hata yeye hakujua kwa nini alimjibu hivyo. Pengine alidhani akimsubiri kidogo jibu litarudi lenyewe, kama paka. Halikurudi. Wakaendelea na kazi zao, na kitendawili kikabaki katikati ya meza bila mwenyewe.

Haukupita muda ndipo Bi Pini alipoviona vichwa vya skrubu. Fundi alikuwa akiweka skrubu zilizokatwa kwenye kifuniko cha kopo. Asubuhi moja, akipangusa meza, Bi Pini alikivuta kile kifuniko akakuta kimejaa vichwa vitupu, havina miguu, kama vifungo vya nguo ya mwanasesere. Akasimama na kitambaa mkononi mpaka akaelewa. Fundi alikuwa anakata, anasahau kwamba amekata, anakata tena, anasahau tena, mpaka mguu wote unakwisha. Chache zilizobaki na mguu zilikuwa zimekatwa bila nati.

Alasiri hiyo Fundi alichukua mojawapo, akajaribu kuifunga kwenye kibanda cha dereva. Ikakataa. Akajaribu nyingine. Akailaumu bisibisi, akalilaumu duka, akasema skrubu za siku hizi zinatengenezwa na watu waliokosana na wake zao. Kisha akaiweka bisibisi chini, akaongea bila kumtazama mkewe.

"Bi Pini, kazi hii ikinitupa mkono, mimi nimekwisha. Nitakuwa mtu wa kulishwa na kulazwa tu. Sitaki."

Sasa, mtu aliyeishi kwa cherehani ana tabia zake. Mteja anakuja kujaribu gauni alilopimwa zamani, amenenepa, gauni linambana, mwenyewe ameanza kuona haya. Mshonaji mwenye huruma hasemi kitu. Anamwambia arudi kesho, pini zilikaa vibaya. Mteja akiondoka, anafungua mshono wa ubavuni, anauachia kidogo, anashona upya. Kesho gauni linamkaa, mteja anaondoka anajitazama kwenye vioo vya madirisha ya watu. Bi Pini alikuwa ameachia mishono mingi maishani mwake, na hakuna aliyewahi kurudi kumlaumu. Basi hata kwa mumewe hakuwaza mara mbili.

Alikwenda kwenye duka la vyuma. Mwenye duka aliitwa Ngoja Kidogo, kwa kuwa ndilo neno la kwanza analokwambia hata ukimkuta amekaa hana kazi. Alimwita Bi Pini shemeji, akamuuliza tangu lini cherehani zinashonwa kwa skrubu, na Bi Pini akamwambia apime mdomo wake kwanza kabla ya kupima bidhaa. Akaondoka na pakiti ya skrubu za shaba.

Asubuhi, Fundi akiingia bafuni kuoga na kunyoa, shughuli iliyomchukua muda siku hizo, Bi Pini alilifungua jiliwa mezani, akalibeba pamoja na msumeno na tupa mpaka jikoni, akafungulia bomba lijaze ndoo ili maji yazime sauti. Skrubu za mwanzo zilimtia adabu. Ziliruka chini ya kabati, zilikatika mshazari, zilimchana vidole mpaka akadanganya kwamba ni sindano. Lakini mkono uliozoea kazi ndogo hujifunza. Nati kwanza. Jiliwa. Msumeno. Tupa. Akapatia. Kitu kimoja tu alishindwa kukiacha. Fundi alikuwa anaziacha ncha bapa, kama mguu wa stuli. Bi Pini, kwa mazoea ya kukunja pindo maisha yake yote, hakuweza kuvumilia ukingo mkali. Akizipitisha tupa alizizungusha mpaka zikawa duara. Hakuona ubaya wake. Ncha inaingia ndani, nani ataitazama?

Akaviondoa vichwa vitupu kifunikoni, akaweka skrubu zake.

Alasiri Fundi akachukua moja, akaiweka penye tundu, akazungusha bisibisi. Ikaingia bila kubisha. Akachukua ya pili. Uso wake ukafunguka kama nyumba inayofunguliwa madirisha asubuhi.

"Unaona?" akasema. "Mkono bado upo."

Bi Pini alikuwa na pini mdomoni, akaitikia kwa kichwa tu. Kwa ule uso angekata skrubu mpaka vidole viishe.

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Alasiri mume anaharibu, asubuhi mke anatengeneza, na treni inapanda. Tangi la mvuke likakaa juu ya chasisi. Bomba la moshi likasimama. Kibanda cha dereva kikapata kuta, kikapata ngazi, kikangoja paa.

Walikuwa na binti mmoja, muuguzi, aliyekaa upande wa pili wa mji na kuwatembelea mwisho wa wiki. Yeye macho yake yalifunzwa kuona wagonjwa. Aliona baba yake akimtafuta kwa jina, akilizunguka bila kulipata, akaishia kumwita mama. Akasema apelekwe hospitali apimwe. Fundi hakukasirika. Aliinuka, akaileta treni mezani, akaiweka mbele ya binti yake, akamuuliza kama mtu anayesahau anaweza kufanya kazi kama ile. Binti akaigeuza juu chini. Skrubu zilikaa mistarini kama askari wa gwaride. Akababaika.

Jikoni akamkabili mama yake. Bi Pini akajifanya anatafuta mwiko.

"Kitendawili," akamwambia. "Kuna mwizi anayeingia mlango umefungwa. Vya jana anavichukua, vya zamani anaviacha."

"Mama, sitaki vitendawili. Baba anaumwa au haumwi?"

"Si umeiona kazi yake mwenyewe."

Binti akashusha pumzi. Akasema basi, uzee tu, tutaangalia. Akaondoka amepoa roho, na safari ya hospitali ikasogezwa mbele, kisha ikasogezwa tena.

Mambo yaliharibikia dukani. Bi Pini alikwenda kununua pakiti nyingine kwa ajili ya paa, Ngoja Kidogo akamngojesha kidogo, akarudi kutoka stoo na pakiti ya aina nyingine. Alimwapia kwamba ni zilezile, rangi ileile, tena hizi zina nguvu zaidi. Bi Pini akaziweka kiganjani. Njano zilikuwa njano. Kofia zilikuwa zilezile. Asubuhi yake alipozikata aliona msumeno unahangaika, ukiteleza na kulia, akadhani umepoteza makali. Akazimaliza kwa jasho. Zikaingia kifunikoni, na alasiri kadhaa baadaye paa likawa limefungwa nusu.

Siku hiyo alikuwa anapunguza gauni la binti wa jirani. Akageuka kuchukua mkasi, kiwiko kikagonga kibati cha pini, pini zikatawanyika sakafuni na juu ya meza ya Fundi. Alikuwa na sumaku ya kuokotea, kubwa, ya mviringo, ambayo Fundi mwenyewe aliitoa kwenye spika ya redio bovu akampa miaka mingi nyuma. Akapiga magoti, akaanza kuipitisha sakafuni. Fundi akasema aachiwe yeye upande wa mezani, kazi ndogo hiyo. Akaichukua sumaku, akaipitisha juu ya meza, pini zikairukia. Akapita karibu na kile kifuniko cha kopo.

Skrubu zikaruka. Tik, tik, tik, zikaning'inia kwenye sumaku pamoja na pini.

Fundi akacheka kwanza. Kisha kicheko kikaisha. Alikuwa amesahau siku, mwezi, jina la binti yake, lakini kwamba shaba haiendi kwenye sumaku alilijua kabla hajamjua mkewe, na mwizi yule vya zamani alikuwa bado hajavigusa. Akaiinua treni kwa mkono wa kushoto. Akalisogeza paa kwenye sumaku polepole. Tik. Likanata.

"Hii si shaba," akasema.

Bi Pini bado alikuwa amepiga magoti. Alijibu, akiwa na pini mdomoni, kwamba labda Ngoja Kidogo kakosea. Fundi akasema hajafika kwa Ngoja Kidogo. Hata njia ya kwenda huko, kusema kweli, hana hakika nayo. Akauliza nani kazinunua.

Bi Pini akazitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake. Akainuka, akakaa kitini.

"Ni mimi, Fundi."

"Na kuzikata?"

"Ni mimi."

Fundi akabandika kioo jichoni. Akaing'oa skrubu moja kwenye sumaku, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama ncha yake kwa muda. Jicho lilikuwa bado la fundi.

"Umezizungusha ncha," akasema. "Kazi safi."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Fundi akaiweka skrubu mezani, akauliza kama zake ni hizi za chuma tu, hizi za paa.

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, na Bi Pini aliuona. Sumaku isingezigusa zile za shaba. Angeitikia tu, ndiyo, ni hizi za paa, kwingine kote ni wewe, na mumewe angebaki na treni yake, tangi na bomba na kibanda, hasara ikawa paa peke yake. Alishavuta pumzi ya kusema hivyo. Fundi akamwahi.

"Mimi si mteja wako, Bi Pini," akasema kwa upole. "Usiniachie mshono. Niambie zipi zako, zipi zangu."

Akamwambia.

Wakaifungua treni, wawili hao, kwenye mwanga wa alasiri. Bisibisi alishika Bi Pini, maana mkono wa Fundi haukutulia. Fundi alishika sahani. Kila skrubu iliyotoka aliipokea, akaitazama kwa kioo, akauliza, na mkewe akajibu. Yako? Yangu. Na hii? Yangu. Paa likatoka. Ngazi ikatoka. Kuta za kibanda zikaanguka kama karata. Bi Pini alikuwa anaomba moyoni ipatikane moja, moja tu yenye ncha bapa mle kibandani, na haikupatikana. Bomba la moshi, yangu. Tangi la mvuke, na hapo akasita, akaligeuza, akaona ncha za duara zikimtazama zote. Yangu, Fundi.

Ikabaki chasisi na magurudumu yake.

Fundi akaigeuza chini juu, akapitisha kidole gumba kwenye ncha za skrubu zilizoshika ekseli. Hakuhitaji kioo.

"Hizi?"

"Hizo zako. Zote."

Akaiweka mezani akaisukuma. Ikaenda. Ilikimbia laini, bila kelele, ikavuka meza nzima mpaka upande wa mkewe, na Bi Pini akaidaka ukingoni kabla haijaanguka. Akajaribu kumwambia kwamba mabati yote ni Fundi mwenyewe aliyeyakata na kuyakunja, na hilo lilikuwa kweli tupu. Fundi akasema mabati bila skrubu ni taka za shaba.

"Umeijenga wewe," akasema. "Mimi nilikuwa nimekaa hapa nakutazama, sijui."

Hakupandisha sauti. Alivua kioo jichoni, akakiweka ndani ya kikasha chake, akakifunga.

Asubuhi Bi Pini aliamka na tumaini baya, la kwamba mumewe atakuwa amesahau. Na kweli alikuwa amesahau. Alivipita vile vipande kwenye sahani bila kuuliza. Lakini alasiri ilipofika hakukaa kwenye ile meza. Alisimama mlangoni, akaitazama kama mtu anavyotazama nyumba aliyowahi kufukuzwa bila kukumbuka kosa, akarudi sebuleni. Akipewa chai anauliza nani kaitengeneza. Akifungwa kifungo cha shati anaushika mkono wa mkewe na kuuliza kwa nini hakuachiwa mwenyewe. Kisa kilikuwa kimefutika, uchungu wake ukabaki, kama doa linalobaki baada ya kitambaa kufuliwa, wala hukumbuki kilimwagika nini. Bi Pini akaona kwamba mwizi huyo hana hata heshima ya kuiba vyote.

Binti yao alipokuja aliambiwa kila kitu, jikoni, bila kitendawili. Alimsikiliza mama yake mpaka mwisho. Akasema aliiona ile treni, akatulia, akaenda kulala usingizi wake. Akasema angekuja kila siku kama angejua. Alikuwa anaongea kwa ukali wa wauguzi, ule wa chini chini, mara akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akamlalia mama yake magotini kama mtoto mdogo, na hakuna aliyekumbuka chakula kilichokuwa motoni mpaka kilipoungua.

Wakampeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, alimuuliza Fundi siku na mwezi, kisha akampa karatasi na kalamu, akamwomba achore saa. Hakujua anamwomba nani. Bi Pini na binti yake wakatazamana. Fundi akainama juu ya karatasi, akachora duara kwa mkono mtupu, duara safi ambalo wengine wangetafutia bakuli. Akaanza kuweka namba. Zikarundikana upande mmoja, kama abiria wanaogombea mlango mmoja, upande wa pili ukabaki mweupe. Mishale hakuiweka. Daktari akamuuliza mishale iko wapi.

Fundi akaitazama saa aliyoichora. Alifikiri sana.

"Hii bado iko kwa fundi," akasema. "Mwambie mwenyewe asubiri."

Binti akatoka nje ya chumba. Bi Pini alibaki, akaikunja karatasi mara mbili ili daktari asiendelee kuitazama. Aliuliza swali moja tu, kama wangekuja mapema. Daktari akasema dawa zipo za kuuchelewesha ugonjwa kidogo kwa baadhi ya watu, kwa wengine hazifanyi kitu, na hakuna awezaye kumwambia Fundi angekuwa wa kundi lipi. Alilisema kwa nia ya kumfariji. Bi Pini akalibeba hilo mpaka nyumbani, na analo mpaka leo.

Miezi ikaenda. Fundi akaacha kuuliza nani katengeneza chai. Siku moja, katika kuzungukazunguka nyumbani, akaiona ile chasisi, akaichukua, akaitia kwenye mfuko wa koti lake jeusi. Tangu hapo hakuiacha. Bi Pini hakujua kama anajua ni nini. Akikaa anaitoa, anazungusha gurudumu kwa kidole, anasikiliza, anairudisha. Magurudumu yale ya saa yana meno madogo, yakaula mfuko. Kitambaa kikachakaa, kikatoboka, treni ikawa inateremka ndani ya bitana, na Fundi anahangaika kuitafuta huku amefadhaika, anajipapasa mwili mzima.

Bi Pini akamvua koti akaketi naye sebuleni, mbele ya macho yake, mchana kweupe. Katika kikasha chake cha nyuzi, uzi mweusi ulikuwepo. Akauacha, akachukua mweupe, akaushona ule mfuko kwa mishono mikubwa ambayo hata kipofu angeihesabu kwa vidole. Mumewe alikaa anatazama, treni kaishika mkononi, mpole kama mteja. Koti lilipokwisha akalipokea, akapitisha kidole juu ya uzi mweupe.

"Hapa nani kashona?"

"Mimi."

"Na hapa?" Alikuwa ameshika bega.

"Hapo walishona kiwandani."

Akaligeuza koti, akalichunguza kola, akalichunguza mikono. Akauliza kama yeye mwenyewe hakushona popote.

"Hapana, Fundi. Wewe hukushona popote."

Jibu hilo likamtosha. Akalivaa koti, akaitia treni mfukoni, akapapasa kwa nje kuhakikisha imekaa. Akasema asante mama, kwa heshima ile aliyowawekea wateja wa kike kibandani kwake. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa limeanza kuinama na yeye alikuwa mtu mwenye adabu siku zote, akamuuliza kama anakaa mbali.

Bi Pini akamwambia ukweli. Akasema hapana, si mbali, anakaa hapahapa.